Nusu ya Mama Amira

Kwa miaka kumi na mmoja Xaveria hakuwahi kununua mchele peke yake. Kila mwisho wa mwezi yeye na jirani yake Hanifa, ambaye mtaa wao wote wa Nangara ulimwita Mama Amira, walipanda bajaji hadi duka la jumla la Mzee Hatibu, karibu na soko la Babati. Mfuko wa pale haufunguliwi: chukua wote au uache. Basi walichanga, wakachukua mchele kilo hamsini, ndoo ya mafuta na katoni ya sabuni za mche, kisha wakakaa barazani kwa Mama Amira kugawana. Kazi ya nusu saa ilikula mchana mzima. Hapo ndipo Xaveria alipomweleza habari ya mimba yake iliyoharibika, ambayo hata mama yake mzazi hakuijua. Hapo ndipo Mama Amira alipojifunza matusi mawili ya Kiiraqw, lugha ya kwao Xaveria, akawa anamtukana nayo jogoo.

Mwaka huu Hamdani, mume wa Mama Amira, akaamua kwenda kufungua duka Kibaya, kule Kiteto. Asubuhi moja walipakia vyombo kwenye fuso, wakahama.

Mwezi ulipoisha, Xaveria akaenda dukani peke yake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Yohanes. Mwenzio umemwacha wapi leo?"

"Amehamia Kibaya."

Mzee Hatibu akavua miwani. "Pole. Basi kachukue rejareja hapo mbele. Mfuko mzima utakushinda."

Xaveria alifungua mdomo akubali. Kilichomtoka kikawa kingine: "Nipe mfuko, Mzee. Kama kawaida."

Nyumbani akatandika mkeka, akachukua sado, kopo lao la kupimia, akaanza kugawa. Moja yangu, moja yake. Mikono ilijua njia yenyewe. Alipomaliza palikuwa na vilima viwili vya mchele, na nyuma ya kilima cha pili hapakuwa na mtu.

Mumewe, Amos, akaingia akitoka shambani. "Huu mwingine wa nani?"

"Wa Mama Amira."

Amos alitaka kucheka. Akamwangalia mkewe usoni, akaacha. "Nipe sindano ya magunia," akasema. "Nikushonee."

Kesho yake Xaveria akaupeleka stendi. Kondakta wa basi la Kiteto aliupima kwa mkono, akashangaa. "Mama, unapeleka mchele Kibaya? Kwani kule umeisha?"

"Haujaisha. Wewe peleka tu."

Siku ya pili jioni simu ikaita. Mama Amira alikuwa anacheka mpaka anakohoa. "Mama Yohanes, jamani! Hapa mlangoni kwangu kuna maduka matatu yanauza mchele, na moja ni la mume wangu!"

"Najua."

Kicheko kikakatika.

"Nimeumwaga kwenye mkeka," Mama Amira akasema taratibu. "Nimekaa nao tangu saa nane. Watu wa huku wema, mwenzangu, wananisalimia vizuri. Ila sijapata mtu wa kukaa naye kimya."

Xaveria alitamani kumwambia arudi. Lakini mtu aliyetoka kufungua duka haambiwi arudi. "Upike," akasema. "Usiuweke ukaingia wadudu." Akakata simu haraka.

Wiki ile ile mpangaji mpya aliyeingia nyumba ya Mama Amira akapiga hodi. Alikuwa binti wa Simanjiro, Nairesiae, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mama. Nimesikia ulikuwa unachanga mfuko na mama aliyekaa hapa. Mwezi ukiisha, naweza kuchanga na wewe?"

Aliuliza kwa adabu, na uso wake ulikuwa wa mtu mwema. Xaveria hakuona kosa lolote kwake. Pengine hilo ndilo lililomuuma.

"Mwezi ujao nitanunua rejareja, mwanangu," akajibu. "Tutaangalia huo mwingine."

"Asante, mama. Nitasubiri."

Jioni Xaveria aliona aibu, akampelekea bakuli la maharage. Walisimama mlangoni wakazungumza habari za mtoto, anavyoota meno, anavyokataa uji. Kuhusu mfuko Xaveria hakubadili neno lake.