Trekta Lililochoka Likishiba

Kwa miaka minne Asenath Komora aliendesha trekta la kikundi cha akina mama wa Chara, na hakuwahi kuliona likifanya uvivu. Mwaka huu, kulima mpunga kulipoanza tu, likaanza vituko. Linawaka vizuri, linaingia shambani likinguruma, yangeyange wakilifuata nyuma kudonoa wadudu. Halafu hata mistari mitano haijatimia, sauti inafifia. Unakanyaga mafuta, halisikii. Jembe linakwama kwenye udongo mweusi, na injini inazima.

Wa kwanza kulaumiwa alikuwa Iha, aliyeuza dizeli kwa mitungi pale Garsen na ambaye kikundi kilinunua kwake tangu mwanzo. Siku moja trekta lilipozima katikati ya shamba, Asenath alituma mtu Minjila akalete lita ishirini kwa muuzaji mwingine. Alipoimimina tu, trekta likaamka na kulima kana kwamba halijawahi kuugua. Ushahidi gani tena? Akaenda hadi Garsen, akasimama mbele ya wateja, akamwambia Iha kuwa anachanganya dizeli na mafuta ya taa.  Iha aliendelea kupangusa mtungi aliokuwa ameushika.

Lakini wiki iliyofuata, tangi likiwa na dizeli ya Minjila peke yake, trekta likachoka vilevile.

Ndipo akaitwa fundi Mukhtar, kijana aliyetengeneza mashine za mashamba mengi ya huko. Alibadilisha filta ya dizeli, akakung'uta filta ya hewa, akatoa hewa kwenye mipira ya dizeli, akaenda zake. Kesho yake trekta likazima. Aliporudi alikuwa ameshakata shauri.

"Mama, hii ni pampu. Tuifungue tuipeleke Malindi."

"Itakaa siku ngapi?"

"Wiki. Labda mbili."

"Sasa nieleze, fundi. Likipumzika kidogo, linapona lenyewe. Pampu mbovu hupona kwa kupumzika?"

Mukhtar alilitazama bomba la moshi. Kisha akauliza, "Likichoka, moshi wake ukoje? Mweusi?"

"Hata. Moshi haubadiliki."

"Basi hewa linapata. Linachokosa ni mafuta."

"Na tangi limejaa," alisema Asenath. Jambo hilo lilianza kumwasha kama upupu. "Nipe kesho tu. Nataka kulitazama mwenyewe."

Kesho yake asubuhi alijaza tangi hadi shingoni, akatazama saa kwenye simu, akaanza kulima. Robo saa, likachoka. Akaliacha lipumzike, akapunguza dizeli kwenye mitungi mpaka tangi likabaki nusu, akaanza tena. Safari hii alilima, akalima, akaanza hata kudhani limepona. Lilichoka saa nzima ilipokaribia.

Mukhtar alifika na spana zake, tayari kufungua pampu, akamkuta Asenath amekaa juu ya gurudumu akikuna kichwa.

"Likiwa tele, robo saa. Likiwa nusu, saa nzima. Umewahi kuona kitu kinachochoka kwa kushiba?"

Mukhtar aliweka spana chini. "Rudia hapo."

Akarudia. Wakalizunguka trekta wote wawili.

"Tangi likiwa nusu, kimepungua nini?" aliuliza Asenath.

"Dizeli."

"Na kilichoongezeka?"

"Hakuna. Labda..." Mukhtar akasita. "Hewa. Ile nafasi ya juu."

Asenath aliruka chini. Aliikumbuka ile siku ya dizeli ya Minjila. Kabla ya kumimina chochote, alikuwa amefanya nini? Alikuwa amefungua kifuniko.

Akamweleza Mukhtar. Walijaza tangi, Asenath akapanda kwenye usukani, Mukhtar akatembea kando yake matopeni, suruali imekunjwa hadi magotini. Robo saa haijapita, sauti ikaanza kufifia. Asenath hakuzima injini.

"Fungua!"

Kifuniko kiligoma, kana kwamba kuna mtu anakivuta kwa ndani. Mukhtar akakizungusha kwa mikono miwili. Tangi likavuta pumzi ndefu, fyuuu, bati la ubavuni likalia ko! na injini ikanguruma hata yangeyange wakaruka wote. Mukhtar alicheka mpaka akashika kiuno.

Walikiosha kifuniko kwa dizeli. Katikati palikuwa na kitundu cha kupitishia hewa, chembamba kama jicho la sindano, nacho kilikuwa kimezibwa kwa rangi nyekundu. Dizeli ilikuwa ikitoka tangini na hewa haiingii kushika nafasi yake, mpaka tangi likawa linaivuta dizeli yake lenyewe na kuinyima injini.

"Nani alipaka rangi hapa?" aliuliza Mukhtar.

Asenath aliikwaruza kwa ukucha. Kabla ya msimu kuanza, baada ya mafuriko, trekta lilipokuwa na madoa ya tope, alilipaka yeye, kwa mkono wake, na hakutaka kuacha pembe hata moja.

"Mimi," alisema. Akachomoa pini kwenye kitambaa chake cha kichwa, akazibua.

Alasiri hiyo alimkuta Iha palepale mitungini, akamweleza yote bila kujitetea. Iha alisikiliza, kisha akauliza, "Hicho kitundu kina ukubwa gani?" Asenath akamwonyesha ncha ya pini. 

"Siku ile walikuwapo wateja sita," Iha alisema. "Watatu hawajarudi."

"Nitajie majina, kaka."

Ilimchukua siku mbili kuwafikia. Wa mwisho alikuwa Godhana, mfugaji wa Kiorma, aliyemsikiliza akiwa ameegemea fimbo huku ng'ombe wake wakinywa maji.

"Nimekusikia, mama. Kwa Iha nitarudi," alisema. "Lakini nami nina pampu ya maji. Asubuhi ina nguvu, jua likipanda inalegea. Wameniambia ninunue nyingine."

Asenath alikuwa ameshageuka kuondoka. Akarudi.

"Inalegea ghafla, au kidogokidogo?"

"Kidogokidogo."

"Iko wapi?" aliuliza, akaanza kukunja mikono ya gauni.