Mume Yuko Nyuma Anakuja

Vitalia aliondoka Mbinga alfajiri akiwa na kikapu cha maharage na koti la kiume alilolichambua kwenye rundo la mitumba, miaka ile mitumba ilipoanza kumwagwa sokoni bila kizuizi. Koti lilikuwa zawadi ya kumpelekea Aidan, muuza usipa wa Mbamba Bay, aliyepanda milimani na magunia ya samaki wake mpaka akamwachia Vitalia moyo pamoja na harufu. Walitaka kuoana. Kikwazo kilikuwa shangazi Hedwiga, aliyemlea Aidan tangu utotoni. Bila neno lake hapakuwa na ndoa, naye alikwisha kusema mabinti wa milimani hawaaminiki. Siku hiyo alitaka kumwona huyo binti kwa macho yake mwenyewe.

Lori likaharibika kwenye miteremko. Abiria wengine walikuwa wameshashuka njiani, akabaki Vitalia na dereva, na dereva akashauri wakae wawili humo ndani kusubiri spea. Akakipangusa kiti kwa leso yake. Vitalia hakupenda kabisa namna kiti kilivyopanguswa. Alijitwisha kikapu, akatupia koti begani, akashika njia ya mkato kwa miguu.

Mwanamke akitembea peke yake porini, kila anayepita anajiona hakimu wa safari yake. Wa kwanza kumhoji alikuwa bwana mmoja wa baiskeli, aliyepunguza mwendo bila sababu ya maana na kumwuliza kama yuko peke yake. Vitalia akasema mume wake yuko nyuma, anachimba dawa, na koti lake ndilo hili. Yule bwana akalitazama koti. Lilikuwa la mtu mwenye mabega ya kung'oa mlango. Ghafla akakumbuka ana haraka.

Uongo ukamnogea. Nyumba ya kwanza chini ya mlima alisema mume anafunga kamba za viatu. Ya pili, mume amekutana na rafiki. Ya tatu ilikuwa kwa mzee Erasmo, ambaye hakuridhika mpaka atajiwe jina la mume, naye akamtajia Aidan, kwa kuwa hakuwa na jingine akilini. Alichosahau ni kwamba kule mgeni akishasemwa yuko njiani, amekwisha fika jikoni. Kila nyumba ilitenga sahani ya mihogo, ikaifunika, watu wakatoka uani kumsubiri mume.

Yule wa baiskeli naye alifika Mbamba Bay mapema, akaomba maji ya kunywa, na kati ya nyumba zote akaomba kwa Hedwiga. Alipomaliza kata yake alikuwa ameshasimulia habari za mwanamke wa Kimatengo kutoka milimani na mume wake jitu.

Basi Vitalia alipopiga magoti kusema shikamoo, marahaba ilichelewa kidogo.

"Huyo mume uliyemwacha nyuma," shangazi akauliza, "tumsubiri tule, au tule kwanza?"

Vitalia aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alieleza yote: lori, leso, baiskeli. Akasema hana mume, alimbuni tu ili afike salama. Shangazi akasikiliza huku akichambua maharage ya zawadi, akitafuta mawe ambayo hayakuwemo. Vitalia akaanza kuiaga ndoa yake kimoyomoyo.

Hapo akaingia Aidan, ameshika tumbo, anatembea kama mjamzito wa miezi minane. Asubuhi alikuwa amepanda kwa barabara kumpokea Vitalia, akakuta lori na dereva mwenye kununa, akageuka kufuata njia ya mkato.

"Shangazi, watu wa njia ile wamenitesa," akasema, akijitupa mkekani. "Nyumba ya kwanza wananigombeza eti namwacha mke wangu atangulie peke yake. Nikasema sina mke. Wakaifunika tena sahani."

"Ya pili je?"

"Ya pili nikakubali. Na ya tatu. Mzee Erasmo kanilisha mara mbili, kisha kaniapisha nisimwache tena."

Shangazi akaweka maharage chini. Mabega yakaanza kumtikisika, na cheko lilipotoka lilimtoa machozi. Alisema yeye, wakati wa usichana wake, alishuka njia ileile mara kumi na zaidi, na mume wake wa uongo alikuwa mwindaji mwenye bunduki mbili, ambaye hadi leo hajatokea.

"Wako angalau amefika," akamwambia Vitalia. "Na mbele ya mzee Erasmo ameshaapa. Mimi ni nani nikatae?"

Akamwamuru Aidan avae koti. Mikono ikamfika kwenye kucha, mabega yakaning'inia. Vitalia akaanza kuomba radhi kwa ukubwa wa zawadi yake.

"Liache," shangazi akasema. "Akipita kwa Erasmo mara mbili zaidi, litamtosha."