Beseni la Baba Mkwe

Mume wangu ni fundi viatu, na mguu wa mtu haujawahi kumtia kinyaa. Kila Alhamisi Kuu jioni hutandika mkeka sebuleni, akaweka katikati beseni la kauri aliloachiwa na marehemu baba yake. Sheria ni moja: uliyemkosea ndiye unayemwosha. Unapiga magoti, unataja kosa lako bila kuzungukazunguka, unamwosha na kumfuta, na kuanzia hapo jambo hilo halitajwi tena. Anaanza mdogo, anamaliza baba. Watoto wetu wawili wanaipenda jioni hiyo kuliko nguo mpya za Pasaka.

Mimi ni fundi cherehani, na Juma Kuu hunikuta roho juu. Jumanne mteja alitaka kitambaa chake kitiwe wanga siku hiyohiyo, na mabeseni yangu yote yalikuwa na kazi. Nikateremsha lile la baba mkwe, ambalo mwaka juzi mimi na mume wangu tulikosana vibaya kwa ajili yake hadi nikaapa sitaligusa tena. Nilipomimina wanga unaochemka likalia ka! Ufa ukashuka kutoka ukingoni hadi chini. Nikalifuta, nikalirudisha juu ya kabati, ufa nikaugeuzia ukutani.

Kesho yake binti yangu wa miaka kumi, tunayemwita Chiriku kwa mdomo wake usiotulia, alipanda kiti alifute vumbi. Hiyo ndiyo kazi yake ya kila mwaka. Beseni likamwachia vipande viwili mikononi.

Baba yake aliporudi alijaribu hata gundi ya viatu. Haikushika. Chiriku alisema alilikuta limeshapasuka. Akaulizwa nani basi alilipasua, akanyamaza. Mume wangu hapigi watoto, na siku ile nilitamani angekuwa mtu wa makelele, maana alishusha sauti tu. Alisema kuvunja ameshasamehe, ila uongo hataingia nao kanisani. Asipopiga magoti Alhamisi akasema kweli, mshumaa wa Pasaka ataubeba mtoto mwingine. Chiriku alikuwa amechaguliwa kuubeba Jumapili, kati ya watoto wote wa kanisa letu, na kwa mwezi mzima alikuwa akipita koridoni taratibu, mwiko mkononi, akifanya mazoezi.

Nilimfuata jikoni. Ningeweza kusema pale pale. Sikusema.

"Kubali tu, mwanangu," nikamwambia. "Sema ni wewe, yaishe."

"Hata kama si mimi?"

"Baba yako ameshasamehe. Utapungukiwa nini?"

Alinitazama, kisha akaendelea kufuta sahani.

Alhamisi tulitumia beseni la plastiki la kufulia. Kitinda mimba wangu alimwosha dada yake, akaungama kumfichia penseli, tukacheka. Kisha Chiriku akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Baba, beseni nilivunja mimi," alisema. "Halafu nikakudanganya."

Mume wangu alimkumbatia, machozi yakamtoka kwa furaha. Alisema mtoto aliyesema kweli kwa taabu namna hiyo ndiye hasa anayefaa kubeba mshumaa.

Ikawa zamu yangu. Maneno nilikuwa nayo tangu alfajiri, nimeyapanga vizuri. Nikapiga magoti mbele ya mume wangu, nikaushika mguu wake, nikautazama uso ule uliojaa furaha. Niliona aibu. Nisijipambe, ilikuwa aibu tu, ya mtu mzima kuonekana mwongo mbele ya watoto wake. Nikaungama kwamba nimekuwa nikimsengenya kwa dada yake kuhusu kukoroma kwake. Alicheka, na mdogo akacheka. Chiriku alikuwa anaangalia maji.

Mwisho mume wangu alimwosha Chiriku, akamwomba radhi kwa kumkazia. Alimfuta kidole kimoja kimoja.

Jumapili asubuhi nilimsimamisha Chiriku juu ya kiti nimalizie pindo la gauni lake jeupe. Nje baba yake alikuwa anapiga viatu rangi na kuimba. Siku mbili nzima mtoto huyu alikuwa hajaongea kitu zaidi ya ndiyo na hapana, nami nilikuwa nikijiambia ni woga wa kanisani. Kwa hiyo nilimuuliza, pini zikiwa mdomoni, kama anaogopa.

"Hapana. Mama, Jumanne nilikuwa dirishani. Nilikuona ukiligeuza beseni."

Nilizitoa pini mdomoni. Nikamuuliza mbona hakumwambia baba yake.

"Nilijua na wewe una zamu yako," alisema. "Nikakusubiri."

Sasa sheria ilikuwa imeshatufunga wote wawili. Alhamisi imepita, na jambo hilo halitajwi tena. Baba yake aliita kutoka nje kwamba tunachelewa. Nikamwambia Chiriku asimame wima, asije akachomwa na pini.