Kifuniko cha Ndege ya Mfano

Rubani Nazar Kudashev alikibandua kifuniko cha kioo kinachomfunika rubani ndani ya ndege yake ya kivita akakitupa kwenye theluji, na kwa kosa hilo kanali wake alitaka kumfikisha mbele ya mahakama ya kijeshi: woga, na kuharibu mali ya umma. Wenzake waliopatikana na hatia kama hiyo walipigwa risasi. Hata hivyo Nazar hakujuta. Alikuwa amemwona rafiki yake Osip akiungua ndani ya ndege kama hiyo, akigonga kioo kisichofunguka mpaka akanyamaza.

Kiwanda kilichounda ndege hizo kikamleta Rodion Tyagunov athibitishe kuwa kifuniko hakina kasoro; ndiye rubani aliyeijaribu ndege ya mfano, ile ya kwanza kuundwa, na kuisifu mbele ya wakubwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ile ya mfano ilichongwa na mafundi bingwa, ikapigwa msasa mpaka ikateleza, na kifuniko chake kilifunguka kwa kidole kimoja. Hizi za vitani zilifyatuliwa kama matofali, kwa mbao mbichi na rangi ya mabongemabonge.

"Ndege ni ile ile, vijana," Tyagunov aliwaambia. "Mnadeka tu."

Akapaa na ndege ya Nazar, kifuniko kimerudishwa na kufungwa. Alipotua, kikagoma. Alisukuma kwa mikono, kwa bega, mwisho kwa kichwa. Pelageya, fundi wa ndege hiyo, alikinyanyua kwa mtaimbo huku marubani wakicheka. Nazar, chini ya ulinzi, akashusha pumzi. Amepona; kasoro kila mtu ameiona.

"Haya, Ndugu Tyagunov," akauliza kanali, aliyeyaona yote. "Kinafunguka?"

Tyagunov alitokwa jasho katika baridi ile. "Kinafunguka, Ndugu Kanali. Ni barafu ya leo tu."

"Mwongo we!" Nazar akapayuka. "Mtu mzima ovyo! Huoni haya?"

"Niliisifu mimi, mwanangu," Tyagunov akamnong'oneza akipita. "Nikiikana leo, nitasimama mimi hapo ulipo."

Lo, binadamu! Kanali naye akatabasamu kama mtu aliyeletewa chai.

"Basi mahakama ya nini? Kudashev ataruka sasa hivi, kifuniko kimefungwa. Adui yuko ng'ambo ya mto. Fundi!"

Pelageya alipanda kwenye bawa akilia waziwazi.

"Nisamehe, kaka."

"Funga, dada. Wasije wakakugeukia na wewe."

Akakivuta. Kwa kufunga, hakikuwa na taabu hata kidogo.