Kila Jumamosi, na Ngazi Pia

Rapaoly ametuchezea sakafu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Nasema kutuchezea kwa sababu ndivyo kazi yenyewe ilivyo: anapaka nta nyekundu yenye harufu ya mafuta ya taa, anaiacha ikauke, kisha yeye na mkewe Lydie wanakanyaga kila mmoja nusu ya kumbi la nazi na kuserereka huku na huku, viuno vikikatika, mpaka mbao zing'ae. Kwa sakafu ya mbao ngumu ya palisanda kama yetu kanuni yake ilikuwa moja: mara mbili kwa mwaka, kabla ya sikukuu ya uhuru ya Juni na kabla ya Krismasi. Katikati hapo ni kufagia na kusugua kwa kumbi tu, bila nta. Ukizidisha, husema, unalisha mbao iliyoshiba.

Kwa hiyo Haingo, mke wa mpwa wangu Solofo, alipomwita mwezi wa Februari, nilidhani tuna mgeni mkubwa anakuja. Hakuja mtu. Machi akamwita tena, na Aprili. Baridi ilipoingia na ukungu kuanza kulala juu ya kilima chetu cha Faravohitra hadi saa nne asubuhi, Rapaoly alikuwa anapanda kwetu kila Jumamosi na debe lake la nta.

Mimi naishi chini. Juu anaishi dada yangu Perline, na mwanawe Solofo, na huyo Haingo. Solofo ndiye anayelipa kila kitu siku hizi, lakini nyumba ni ya Perline, na ukiingia bila kumsalimia yeye kwanza, bado hujaingia. Amepita themanini. Nyonga ya kulia haimtii tena, na fimbo hataki hata kuiona, anasema fimbo ni ya wazee. Juu kule hakuna anayevaa viatu, visije vikakwaruza mbao, kwa hiyo wakati wa baridi dada yangu anatembea kwa soksi za sufu. Soksi za sufu juu ya nta mbichi! Nilikuwa nikimtazama akivuka sebule kutoka kitandani hadi kwenye kiti chake, nikihofia kila hatua.

Jumamosi moja nilishindwa kunyamaza.

"Haingo, mnamtarajia rais?"

"Hapana, Mama mdogo. Nataka nyumba iwe safi tu."

"Usafi gani huu? Nzi akitua hapa anavunjika mguu."

Lydie alicheka juu ya kumbi lake. Haingo hakucheka.

"Nyumba isiyong'aa Jumamosi haina mwanamke," alisema taratibu, kama anayesoma Zaburi. "Si ndivyo, Mama?"

Perline alikuwa kwenye kiti chake, pembe ya kaskazini mashariki, mahali pa mkubwa wa nyumba. "Ndivyo," akasema.

Angesema nini? Maneno yalikuwa yake. Haingo alipoolewa hapa, msichana mwembamba wa kutoka Ambositra, hakukuwa na Rapaoly wa kila wiki. Rapaoly alikuja mara zake mbili, na Jumamosi nyingine zote kumbi la nazi lilikuwa la mkwe. Haingo akimaliza kung'arisha, Perline alipitisha kidole kwenye mbao na kukitazama, kisha akasema maneno hayo. Haingo aliyasikia kila wiki. Aliyasikia hata tumbo lilipofika miezi saba, siku alipoteleza pale pale mbele ya kiti na kuanguka kifudifudi. Mtoto alitoka akiwa amekufa. Kwetu mtoto wa namna hiyo ni mtoto wa maji: hapewi jina, na kaburi la ukoo halimpokei. Alifukiwa kwenye udongo wa majimaji, kando ya mashamba ya mpunga, bila watu. Wiki mbili baadaye, siku ya Jumamosi, dada yangu alilisukuma kumbi la nazi kwa mguu hadi mbele ya Haingo. Nampenda dada yangu, lakini siku ile nilimchukia, na sioni haya kusema.

Haingo hakupata mtoto mwingine. Hakugombana na mtu pia. Alipika, akafua, akang'arisha, akazeeka kidogo, na Solofo akapanda cheo.

Halafu ikaja Jumamosi ya ngazi. Nilikuwa mlangoni kwangu nikichagua mchele, nikasikia sauti ya Rapaoly imepanda.

"Ngazi hatupaki, Mama. Hata baba yangu hakupaka ngazi ya mtu."

"Baba yako hakulipwa na mimi," Haingo akamjibu. "Kila Jumamosi, na ngazi pia. Na kishikio."

"Na kishikio?"

"Nacho ni mbao. Au si mbao?"

Ngazi yetu ni ya zamani, imesimama wima, vipandio vyembamba, na chini yake ni sakafu ya matofali. Rapaoly alinitazama. Mimi nikamtazama Solofo, aliyekuwa akipita na gazeti lake. Solofo akatabasamu na kupaza sauti kuelekea juu: "Mama, umepata mkwe! Ndivyo ulivyotulea!" Mwanamume akiamua kutoona, hata umwekee taa haoni. Rapaoly akapaka. Lydie alipokuwa akifunga makumbi yao kwenye gunia aliniinamia na kuninong'oneza, "Kutesa kwa zamu, mama."

Nilimfuata Haingo uani. Alikuwa anatwanga kisamvu.

"Unataka dada yangu afe?"

"Nimemgusa, Mama mdogo?"

"Hujamgusa."

"Nimemtukana?"

"Hujamtukana."

"Namtunzia nyumba yake." Mchi ulipanda na kushuka. "Siku nilipoanguka mimi, wewe ulikuwa hapa hapa chini. Kishindo ulikisikia?"

Nilikisikia, na nilipanda mbio, na ni mimi niliyemshika mkono mpaka hospitali. Anajua. Lakini hakuwa anauliza kuhusu mimi. Niliogopa jinsi alivyokuwa ametulia.

Nikapanda kwa dada yangu, huku nikijishikilia ukutani.

"Mwachishe Rapaoly kazi. Wewe ndiye mwenye nyumba."

"Nimwambie Haingo nini? Kwamba naiogopa sakafu yangu?"

"Ndiyo!"

"Atafurahi mno." Alikuwa anakunja shali yake nyeupe ya kanisani. "Noeline, unadhani sijui? Siku walipopaka ngazi nilijua. Yeye ana haki ya kungoja, na mimi nina haki ya kutoanguka."

"Unazeeka vibaya, Perline."

"Nazeeka nimesimama. Teremka, na uangalie mguu."

Akaanza kuteremka kila Jumapili kwenda kanisani, viatu vikimngoja chini, ubavu ubavu, kipandio kimoja kimoja, mdomo umekazwa. Nilikuwa nikisimama chini na mikono imenyooka. Ningezuia nini na mikono hii? Haingo alikuwa akimfuata nyuma, pekupeku, kwa sababu nyayo tupu hushika nta, na Biblia zote mbili ameshika yeye. Hakuwahi kumharakisha. Alitazama tu mahali soksi ile inapokanyaga.

Jumapili moja ya mwezi wa Julai baridi ilikuwa kali na nyonga ilikuwa imekaza. Kengele ilikuwa imeshaanza kupigwa, Solofo yuko nje anapasha gari moto. Perline alisimama juu ya ngazi, akashusha mguu. Soksi ikateleza, akaurudisha. Akashika kishikio, kiganja nacho kikateleza. Niliona uso wake ukibadilika, na sijawahi kuuona uso ule katika maisha yetu yote.

"Haingo," akaita.

"Abee, Mama."

"Nishike."

Haingo hakusogea. Alikuwa nyuma yake hatua moja tu. "Unasemaje, Mama?"

"Nishike, mwanangu. Naogopa."

Haingo aliweka Biblia chini, polepole. Akapita mbele, akashuka kipandio kimoja, akamshika mavyaa yake kiwiko na kiganja. Wakateremka hivyo mpaka chini, yule mkubwa akimng'ang'ania na yule mdogo akimhesabia hatua kwa upole wa kweli kabisa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nilidhani yamekwisha. Nikajiambia kumbe hilo tu ndilo alilokuwa akilitaka, na sasa amelipata.

Baada ya ibada tulimkuta Rapaoly na Lydie kwenye lango la kanisa. Nikamwambia, kwa furaha, "Rapaoly, pumzika sasa. Tutakuita Desemba."

"Hapana," Haingo akasema. Alikuwa bado amemshika Perline mkono. "Jumamosi, kama kawaida."

Rapaoly alimgeukia dada yangu, mwenye nyumba, akingoja neno lake. Dada yangu alikuwa akitazama viatu vyake.

Jumapili iliyofuata Haingo alishuka mapema, akaja jikoni kwangu kunywa maji ya moto ya ukoko, yaliyochemshiwa kwenye sufuria ya wali. Kulikuwa na ukungu dirishani. Tulisikia kiti cha juu kikisogezwa, kisha soksi zikivuka sebule, zikasimama.

"Haingo!"

Haingo akapuliza kikombe chake. Nje Solofo alipiga honi.

"Haingo, niko tayari!"

Niliinuka mimi.

"Kaa, Mama mdogo," alisema, bila kunitazama. "Ameniita mimi."

Nikasimama pale katikati ya jikoni, sijaenda wala sijakaa. Kengele ikanyamaza. Halafu sauti ya dada yangu ikaja tena kutoka juu, nyembamba, na neno ambalo sijawahi kumsikia akimwambia mtu yeyote, si mumewe, si mchungaji, si mimi.

"Haingo, mwanangu. Tafadhali."

Haingo aliniangalia, kuhakikisha kwamba nimesikia. Kisha akanywa tena.