Hedimani Juu ya Blanketi

Mgongo wa hedimani Ndambiri, msimamizi aliyewekwa na serikali, ulikataa kazi siku ya Jumatatu, na kufikia Jumatano kijiji kizima kilichozungushiwa handaki kilikuwa kimejua. Alitembea kama bata aliyemeza mpini wa jembe. Akitaka kupiga filimbi ya kuwaita watu kazini, ilimbidi ajishike kiuno kwanza.

Karimi hakucheka. Alikuwa na haja naye. Mamake kule Kiirua alikuwa amevunjika mkono, hana wa kumchotea maji, na wakati ule wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni hakuna aliyetoka langoni bila barua yenye sahihi ya Ndambiri. Mara mbili aliomba, mara mbili akafukuzwa kama kuku jikoni.

"Mzee," akamwambia safari hii, "mgongo huo naweza kuutuliza. Nilipokuwa yaya kwa fundi cherehani wa Kihindi pale Embu, bibi yao mzee alikuwa akikaa mkao fulani kila asubuhi. Miaka sabini, na bado anainama kuokota sindano."

"Nikipona, barua utapata," Ndambiri akasema. "Lakini funga mlango. Wakituona tumekaa hivyo watasema tunalishana kiapo cha waasi."

Karimi akaketi sakafuni, akakutanisha nyayo, magoti yakafunguka huku na huku kama mbawa za kipepeo. Ndambiri akamtazama kama mtu aliyeambiwa ale nyasi.

"Mimi nikae chini? Mbele ya mwanamke? Na kofia ya serikali kichwani?"

Akavuta kigoda chake cha miguu mitatu, akakikalia, akakutanisha nyayo hewani. Kigoda kikafikiri kidogo, kisha kikamtupa kwenye kuni, yeye upande wake, kofia upande wake.

"Uko mzima, mzee?"

"Nani amekuuliza?"

Karimi akakunja blanketi mara nne. "Kalia hili. Mimi nakaa sakafu tupu. Utakuwa juu yangu."

Ndambiri akapima kwa jicho. "Likunje tena."

Basi kiburi chake kikamwokoa bila yeye kujua, maana bibi wa Kihindi alisema vivyo hivyo: mwenye nyonga ngumu akalie kitu cha kumwinua, mgongo usije ukapinda kama mundu.

"Sasa shika miguu. Nyoosha mgongo. Magoti yaache yashuke yenyewe—"

Ndambiri akayakandamiza kwa viwiko kama anayefunga sanduku lililojaa nguo. "Uuuwi!"

"Usiyasukume! Goti halijui hedimani. Paja likivutika ni sawa, lakini goti likichoma unaacha." Akamwekea gunia lililokunjwa chini ya kila goti. "Vuta pumzi polepole. Toa. Kumi zinatosha kwa leo." Walipomaliza, akamwonyesha kuinua magoti kwa mikono, moja baada ya jingine, asiruke kama panzi.

Asubuhi ya nne Ndambiri alijifunga kiatu mwenyewe. Ya nane akapanda baiskeli. Nyonga zililegea, usingizi ukaja, hata makelele yake yakapungua, watu wakadhani ugonjwa umezidi.

Karimi akadai barua.

"Barua?" Ndambiri akashangaa, amestarehe juu ya blanketi. "Na ukienda, nani atanihesabia pumzi? Hapana. Umenitibu vizuri mno."

Siku zote hizo Karimi alikuwa ameona jambo moja: mtu huyu aliyetisha kijiji kizima alishusha sauti kila mkewe, Virginia, alipokohoa jikoni. Akaenda huko jikoni.

"Mama Runji, kesho niko zamu ya kuni. Utanisaidia kumhesabia mzee pumzi?"

Akamfundisha yote, blanketi, magunia na pumzi. Virginia akajaribu mwenyewe, akafumba macho. "Aa! Na mgongo huu uliobeba maji miaka ishirini, nani aliwahi kuuliza habari zake?"

Kesho yake Virginia akagundua neema: kwa pumzi kumi nzima mumewe hasemi. Akazifanya kumi na tano.

"Kumi zimeisha," Ndambiri akanung'unika.

"Ukisema tunaanza upya, Baba Runji. Moja."

Karimi akaingia na mzigo wa kuni. Virginia akamwona, akamgeukia mumewe. "Barua ya mtoto huyu iko wapi?"

"Sasa nani atani—"

"Mimi nipo. Moja."

"Haya, siku tatu."

"Kwenda na kurudi Kiirua tu ni siku mbili. Maji ya mamake utachota wewe? Moja."

"Tano!"

"Nyoosha mgongo. Moja."

"Saba! Saba, mama! Lete kalamu!"

Akaandika palepale, karatasi juu ya paja. Karimi akapuliza wino na kutoka kabla haujakauka.

Askari wa lango aliisoma mara mbili. "Siku saba? Kutoka kwa hedimani huyu huyu? Kwani ni mgonjwa?"

"Alikuwa," Karimi akasema, akapita, akaharakisha kwenda kutafuta lori la Meru limfikishe kwa mamake.