Uso wa Mzee Batholomeo

Wachongaji wa mkono hapa Nkuhungu wanasema mimi Stara si fundi, ati nabonyeza kitufe halafu nakunywa chai. Waache waseme. Chai nakunywa kweli, lakini mashine ya leza haijui pua ni kitu gani. Inajua weusi na weupe, basi: penye weusi inachoma na kuzama, penye weupe inapita bila kugusa mbao. Ipe picha ya mzee mweusi aliyevaa shati jeupe uone maajabu, shati litajitokeza mbele na uso utakuwa shimo. Kwa hiyo kila sura naichora upya kwenye kompyuta, kivuli kwa kivuli. Kilicho karibu nakipa weupe, kilicho mbali nakipa weusi. Kwangu marehemu wote wana pua nyeupe.

Kefa alikuja na picha ya baba yake, Mzee Batholomeo, aliyefariki mwaka jana. Kefa mwenyewe ni mtu wa ofisini, anakaa Miyuji, tai haimtoki shingoni hata Jumamosi.

"Dada Stara, ni kwa ajili ya mama," alisema. "Macho yake yamekwisha kabisa. Sasa anasema sura ya mzee nayo inamtoka. Akiamka anaitafuta kichwani, haipati, analia. Nataka awe na kitu cha kushika."

Roho iliniuma. Nikamwambia mama atampata mumewe. Sikusema nitajaribu, mimi neno hilo silitumii.

Nilichagua ubao mnene wa mninga, nikachora uso kwa ukubwa wa uso wa mtu, kisha nikaiachia mashine ichonge tabaka kwa tabaka. Nikasugua masizi kwa mswaki na spiriti, nikapiga msasa laini. Nilipofumba macho na kupapasa, nilijisifu kwa sauti, peke yangu dukani. Mashavu yalikuwa mashavu, midomo ilikuwa midomo.

Kefa akamleta mama yake, Mama Loisi, mwembamba, amejitanda kitenge, kamshika mwanawe mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi?"

Nikampeleka kwenye meza. Vidole vyake vilianzia kidevuni, vikapanda kwenye midomo, vikazunguka pua. Akatabasamu. Vilipofika kwenye paji la uso vikasimama, vikarudi, vikapita tena na tena. Tabasamu likaondoka.

"Huyu siye," alisema, akatoa mkono.

"Mama, ni baba huyo," Kefa alisema. "Picha nimeleta mwenyewe."

"Labda ndugu yake. Nimezeeka naye yule, leo unanifundisha wewe?"

Hasira zilinipanda. Kazi yangu haijawahi kukataliwa, na nilikuwa karibu kusema neno baya. Lakini nikaona midomo yake inatetemeka, hasira zikaniisha. Alikuja kumchukua mumewe, na sasa alikuwa anajiandaa kurudi bila yeye.

"Mama, amepungukiwa nini?"

"Ndonya yake iko wapi?"

Nikaichukua picha. Paji la uso lilikuwa laini kama sabuni mpya. Kefa akajishika kichwa. Wakati wa msiba waliipeleka picha studio ikakuzwe, na kijana wa studio akaisafisha, kama wanavyowasafisha maharusi. Ndonya, lile kovu la mviringo ambalo Wagogo wa zamani walichomwa utotoni katikati ya paji, yeye aliliona doa. Akalifuta, na waombolezaji wakamsifu kwa kazi nzuri.

"Nionyeshe ilipokuwa," nikamwambia Mama Loisi.

Akaniketisha. Akaushika uso wangu kwa mikono yote miwili, akabonyeza kidole juu ya nyusi zangu. "Hapa. Si katikati kabisa, imesogea huku kidogo. Ukubwa wa punje ya karanga, na imezama. Mama yake alisema alirusha mateke siku ya kumchoma mpaka wakamkalia." Akacheka kidogo. "Mashine yako inafanyaje kazi?"

"Inachoma, mama."

"Basi mchome."

Kefa akanivuta pembeni. "Ukikosea je? Uso mzima utaharibika."

"Sikosei," nikasema.

Nikachukua chaki, nikaweka alama kwenye paji langu palepale aliponibonyeza, nikapima kwa kioo na rula kutoka kwenye nyusi. Nikaurudisha ubao kwenye mashine, nikasogeza nukta nyekundu mpaka ikakaa mahali pake, nikavaa miwani ya kinga. Moshi mwembamba ukapanda. Mama Loisi aliisikia harufu yake, akashika ukingo wa meza.

Nilipompa ubao, hakupitia kidevuni wala puani. Alikwenda moja kwa moja kwenye paji, kidole kikatumbukia, kikatulia humo.

"Ee," alisema. Akauweka uso kifuani, kisha akaushika mashavu. "Batholomeo. Ulikuwa umenipotea, mzee wewe."

Halafu akageuzia kichwa upande wa mwanawe.

"Mbona umesimama tu? Msalimie baba yako."

Kefa aliniangalia, nami nikaangalia pembeni. Akainama mpaka tai ikagusa meza.

"Shikamoo, baba," alisema.

Mama Loisi, mkono ukiwa bado shavuni kwa mumewe, akaitikia: "Marahaba."